Barafu imelalia grini siku 48: niivunje au niiache?

Mwana_Arusha (26 Februari, usiku)

Wakuu, habari za huko mliko. Naomba msaada wa haraka kwa wanaofanya kazi kwenye viwanja vya gofu vya nchi za theluji. Hapa nilipo sina wa kumuuliza kwa lugha yangu, na jambo lenyewe linaninyima usingizi.

Mimi ni kijana wa Arusha. Gofu niliianza nikiwa kedi, mbeba mfuko wa mchezaji, baadaye nikawa mkata nyasi, nikajifunza kunoa visu vya mashine na kumwagilia wakati wa kiangazi. Sasa nina mwaka na nusu Minnesota, Marekani, kaskazini ya Minneapolis, ni msaidizi wa msimamizi kwenye uwanja wa mashimo 18. Winta iliyopita nilishinda karakana nikifungua na kufunga mashine, kwa hiyo yaliyotokea uwanjani sikuyaona. Mwaka huu msimamizi wangu kafanyiwa upasuaji wa goti mwezi wa kwanza, uwanja kaniachia mimi na fundi wa mashine.

Desemba theluji ilikaa vizuri, nikashukuru. Tarehe 8 Januari ikanyesha mvua. Mvua kabisa, kutwa nzima, juu ya theluji. Usiku wake baridi ikashuka hadi nyuzi 22 chini ya sifuri (Selsiasi) na uji wote ule ukaganda. Tangu asubuhi ya tarehe 9 grini, yaani zile sehemu za nyasi fupi kabisa zenye shimo na bendera, ziko chini ya barafu. Leo nimetoboa kwa drili kupima: grini ya 4 ina sentimita 6, ya 11 ina 5, ya 14 iko kwenye mwinuko, ina 2 tu na upande mmoja iko wazi. Juu ya barafu kuna theluji inayofika kwenye vifundo vya miguu.

Grini zetu ni za zamani, za udongo wa hapahapa. Zilipandwa bentigrasi, nyasi laini ya grini, lakini nyasi nyingine ya kujiotea, Poa annua (tunaiita Poa tu), imeingia humo miaka na miaka, na kwa macho yangu sasa ni kama robo tatu ya nyasi zote.

Utabiri unasema kuanzia Jumatatu tutapata nyuzi 6 juu ya sifuri mchana, siku nne mfululizo. Halafu Ijumaa usiku inashuka hadi 17 chini ya sifuri.

Swali langu: niivunje hii barafu sasa, au niiache iyeyuke yenyewe? Fundi ananiambia tuingize mashine ya kutoboa tuipasue. Mwenye uwanja yeye kila asubuhi ananiuliza kama grini zitaamka, na sina jibu la kumpa. Naogopa kuharibu kwa kugusa na naogopa kuharibu kwa kutogusa.

Goma_DesMoines (26 Februari, usiku)

Pole sana ndugu yangu. Mimi si mtu wa gofu, naendesha gari la kusukuma theluji hapa Iowa. Maegesho yakiganda namwaga chumvi na baada ya saa chache lami inaonekana. Kwa nini usimwage kidogo kwenye hizo grini?

BabaNjeri (27 Februari, alfajiri)

Mwana_Arusha, soma hili kabla hujatoka nyumbani.

Kwanza chumvi, hapana. Ndugu wa Goma amesema kwa nia njema, na kwenye lami yuko sawa, lakini chumvi hiyo ikiyeyuka na maji inashuka hadi kwenye mizizi, inaivuta maji iliyo nayo na kuiunguza. Huo udongo hautakusamehe mpaka mwezi wa sita. Usiiweke hata kwenye njia ya kupita kando ya grini.

Mimi ni mtu wa Limuru, na hii ni winta yangu ya 19 Minnesota. Nyasi ya kikuyu niliyokua nayo, ukiikata leo kesho imekujibu. Baridi niliyoijua ni sakitu ya Januari kule Kinangop, ile inayochoma viazi usiku mmoja. Kwa hiyo nilipofika hapa nilidhani adui ni baridi, na ilinichukua miaka miwili na grini 7 zilizokufa kuelewa kwamba adui ni maji. Tarehe 30 Januari 2019 Minneapolis ilifika nyuzi 33 chini ya sifuri, mate yalikuwa yakiganda kwenye ndevu, na sikupoteza hata kiganja cha nyasi. Udongo ulikuwa umeganda ukiwa mkavu, nyasi zimelala fofofo, na theluji imezifunika kama blanketi. Kilichoniua mimi ni Machi moja yenye jua zuri.

Sasa wewe una hatari mbili, na usizichanganye.

Ya kwanza ni hizo siku 48. Nyasi chini ya barafu haijafa, inapumua polepole. Barafu ikiziba kabisa, hewa yake chafu haina pa kutokea na hewa safi haingii, na mwisho inajitia sumu mwenyewe. Bentigrasi huvumilia, siku 120 si ajabu kwake. Poa ndiyo dhaifu: kati ya siku 45 na 90 huanza kufa, kutegemea barafu ilivyoshikana. Barafu nyeupe yenye mapovu ina matundu na hupitisha hewa kidogo. Ile ya kioo, unayoona nyasi chini yake kama samaki, ndiyo mbaya. Hujatuambia yako ni ya aina gani.

Kwa hiyo leo, kabla ya lolote, chukua sampuli. Kile chombo cha kukatia shimo la bendera hakitaingia, udongo ni jiwe. Tumia drili na ile msumeno ya duara ya kutobolea milango, ya upana wa sentimita 10. Chukua mbili grini ya 4, mbili ya 11, mbili ya 14, kila grini moja sehemu ya chini maji yanapokusanyika na moja ya juu. Unapoing'oa, iweke puani hapo hapo. Ikinuka udongo, shukuru. Ikinuka siagi iliyochacha, jua hewa imekwisha humo ndani muda mrefu. Zipange kwenye vikopo, ziandike namba, ziweke dirishani penye jua na joto, unyunyizie maji. Siku 7 mpaka 14 zitakuambia kama kuna uhai. Mwenye uwanja akikuuliza asubuhi, mpeleke dirishani. Hilo ndilo jibu lako, na ni jibu la mtu anayejua kazi.

Hatari ya pili ni hiyo wiki ijayo, na mimi inaniogopesha kuliko ya kwanza. Nyuzi 6 siku nne, jua la Machi liko juu. Poa ina haraka, ikionja joto kidogo inazinduka, na ikizinduka inakunywa. Pale chini kabisa, jani linapokutana na mzizi, inajaa maji. Halafu Ijumaa usiku inakuja 17 chini ya sifuri, yale maji yanaganda ndani ya nyasi na kuipasua. Poa iliyolala mwezi wa Januari ingeivumilia baridi hiyo bila shida, lakini Poa iliyokunywa maji haivumilii. Na udongo wa chini bado umeganda, kwa hiyo maji hayawezi kuzama. Njia yao ni moja tu, kutoka kwa pembeni.

Basi fanya hivi:

Leo na kesho, toa theluji juu ya grini. Mashine ya kurusha theluji, na irushe mbali, upande wa mteremko, ukiacha unene wa vidole viwili ili visu visiguse barafu. Anza na 4 na 11. Ya 14 iache kabisa, yenyewe ina njia ya kupumua, na ule upande ulio wazi unahitaji theluji kuukinga na upepo unaokausha.

Jumapili mchana, jua likitoka, nyunyiza kitu cheusi juu ya barafu, kidogo tu, kama unavyonyunyiza pilipili. Mchanga mweusi uliokaushwa unafaa. Mimi hutumia Milorganite, ile mbolea ya punje nyeusi inayotengenezwa Milwaukee kutokana na maji taka tangu 1926, kwa sababu hata ikibaki si hasara. Kila punje inavuta jua na kujichimbia kishimo. Baada ya siku mbili barafu inakuwa kama sega la nyuki na inaachana na nyasi.

Mashine ya kutoboa, mwambie fundi asubiri. Barafu ikiwa bado imeshikana na nyasi, ukiipasua unang'oa na nyasi zenyewe, zikiwa zimeganda zinavunjika kama chipsi. Ikishaachia, yaani ukigonga kwa kisigino unasikia mlio mtupu, hapo hata koleo la plastiki linatosha, utabeba mapande kama vigae.

Jambo la mwisho ndilo watu husahau. Ile theluji uliyoirusha pembeni imekuwa bwawa. Jumatatu asubuhi tembea kila grini, tafuta sehemu ya chini kabisa, na ukate mfereji kwenye theluji mpaka chini, upana wa koleo, uende mbali mita 5 au 6. Kila jioni pita uone maji yanatoka. Alhamisi na Ijumaa mchana ingia na mpira wa kusukumia maji, sukuma mpaka usione mng'aro wa maji. Kufikia magharibi ya Ijumaa usiache dimbwi hata la ukubwa wa sahani. Na tembea kwa miguu, usipandishe gari hata dogo, kwa sababu udongo wa juu ukilainika huku wa chini ni jiwe, gurudumu linakata mizizi katikati.

Niandikie ukishanusa.

Mwana_Arusha (27 Februari, jioni)

Shikamoo mzee. Nimesoma saa kumi na moja asubuhi, saa moja tulikuwa uwanjani.

Barafu ya 4 ni ya kioo. Nyasi zinaonekana chini yake, kijani iliyofifia, na hapo ndipo nilikuwa najipa moyo. Sampuli ya sehemu ya chini nilipoing'oa sikuhitaji hata kuisogeza puani. Harufu ilinifika nikiwa nimesimama, na fundi akarudi nyuma hatua moja. Ya juu ya grini hiyohiyo inanuka kidogo tu. Ya 11 moja inanuka, moja hapana. Ya 14 zote mbili zinanuka udongo.

Theluji tumeitoa 4 na 11 na nyingine 5 zilizo bondeni. Vikopo 6 viko dirishani ofisini.

Nina swali lingine mzee. Nimegundua grini ya 4 ina mteremko mzuri tu kuelekea nyuma. Nimeusimamia kiangazi chote, mpira unabingirika wenyewe. Sasa kwa nini maji yalikaa pale?

BabaNjeri (27 Februari, usiku)

Marahaba. Pole kwa ya 4.

Hilo swali nimeishi nalo miaka. Piga magoti nyuma ya grini, pale nyasi fupi inapokutana na ile ndefu ya ukingo, uweke kiganja chako kikiwa wima. Nina hakika utakuta ukingo uko juu kuliko grini kwa vidole viwili. Kila mwaka tunamwaga mchanga kwenye grini, brashi na mashine zinausukuma pembeni, na nyasi ya ukingo inaukamata. Miaka 20 hivyo, grini inakuwa sinia. Mpira hauoni kwa sababu unasimama kabla ya kufika hapo, ila maji yanafika na kukwama.

Mimi niliijua kwa mpira wa maji. Oktoba moja, kabla hatujapuliza maji yatoke kwenye mabomba yasigande, nilifungulia maji juu ya grini iliyokuwa inakufa kila mwaka, nikasimama nayo kama mtu anayenywesha ng'ombe. Maji yalishuka vizuri mpaka ukingoni, yakasimama, yakaanza kurudi. Nikachora kwa rangi nyeupe kila yalipoishia, nikapiga picha. Kesho yake tuliinua nyasi ya ukingo kwa mashine ya kukatia mikeka ya nyasi, mita 9 tu, tukachimba sentimita 4 za mchanga na udongo, tukarudisha mikeka na kuishindilia. Kazi ya watu watatu, nusu siku. Grini hiyo haijafa tena, na kabla ya hapo kila Aprili nilikuwa nainunulia mbegu na kuifunika turubai nikiomba Mungu.

Nakwambia haya sasa ili Oktoba usiseme umesahau. Watu wengi hapa hutumia pesa kwa dawa ya ukungu wa theluji, ule ugonjwa wa nyasi wa winta, na ni sawa, mwage kabla theluji haijatulia. Huinua urefu wa kukata mwezi wa Septemba ili nyasi iwe na akiba, nayo ni sawa. Lakini maji yakikosa mlango, hayo yote ni kazi bure kwa Poa.

Na miti. Tazama ya 4 upande wa mashariki na kusini. Kama kuna misonobari inayoizuia jua la asubuhi, piga picha kila saa kuanzia saa mbili mpaka saa sita, umwonyeshe msimamizi wako akipona.

Dada_Fife (28 Februari, mchana)

Hamjambo wote. Mimi ni Mmombasa, natunza nyasi Fife, Uskoti, mwaka wa 8 huu. Nawasoma nikiona jinsi winta zinavyotofautiana. Kwetu barafu ya kukaa siku 48 haipo. Asubuhi sakitu, adhuhuri mvua, usiku upepo wa bahari, na kesho yake nyuzi 11 kama vile masika. Mchana wa Desemba una urefu wa takriban saa 7 tu. Dhoruba Babet ya Oktoba 2023 ilitumwagia maji kabla hata winta haijaanza. Na wachezaji hawaendi popote, viwanja vya pwani vinachezwa mwaka mzima.

Kwa hiyo kazi yangu kubwa ni kusema hapana. Mtu akikanyaga nyasi yenye sakitu, jani lililoganda linavunjika ndani, na baada ya siku mbili unaona nyayo zake nyeusi, moja moja, kutoka kwenye tii, pale pa kuanzia kupiga, mpaka shimoni. Nina picha ya nyayo za mtu mmoja zilizokaa wiki tano. Nikiona weupe nafunga, na nafungua nikishagusa nyasi kwa mkono, kwani jua pekee halitoshi kuniridhisha. Huko St Andrews, kwenye uwanja wa Old Course, winta wachezaji wanabeba vipande vya mkeka na kupigia mpira juu yake kwenye feawei, ile njia ya nyasi kati ya tii na grini, na hakuna anayeona aibu. Mwana_Arusha, ukifungua mwezi wa nne watakusukuma ufungue grini zote. Weka grini za muda mbele ya zile wagonjwa, zikate vizuri, zipe shimo na bendera ya heshima, na watu watazikubali.

BabaNjeri, nina swali. Ukungu wa Microdochium unanisumbua kuanzia Oktoba mpaka Machi, bila theluji yoyote. Huko kwenu pia?

BabaNjeri (28 Februari, usiku)

Dada, ndiyo, huo hauhitaji theluji, unataka ubaridi na unyevu tu. Ule wa kijivu, Typhula, ndio unaotaka theluji ikae miezi miwili. Winta ya 2023 kuingia 2024, iliyokuwa ya joto kuliko zote zilizowahi kupimwa Minnesota, mvua ilinyesha siku ya Krismasi na wa kijivu sikuuona kabisa. Wa kwako nikauona kila mahali. Asubuhi nilikuwa nakokota kamba juu ya grini kupangusa umande, kazi ya Mei, nikiifanya Desemba. Jaribu kuondoa umande kila siku kabla ya saa tatu, na punguza mbolea ya naitrojeni ya mwisho wa mwaka.

Mwana_Arusha (14 Machi)

Wakuu, narudi na ripoti kama nilivyoahidi.

Mchanga mweusi tulimwaga Jumapili. Jumanne jioni barafu ya 11 ililia mlio mtupu chini ya kisigino kama mzee alivyosema, tukaibeba kwa koleo, mapande makubwa kama milango ya kabati. Mifereji tulikata kwenye grini zote 18. Ijumaa nilikuwa na ule mpira wa kusukumia maji mpaka saa moja usiku, fundi akinimulikia kwa taa za gari kutoka njiani. Usiku huo ilishuka hadi 18 chini ya sifuri.

Dirishani: kikopo cha 4 cha sehemu ya chini ni kahawia tupu, ila kuna nyuzi tatu za kijani, nyembamba, na nimezitazama kwa lenzi, ni bentigrasi. Cha 4 cha juu nusu kimeota. Vya 11 kimoja hai, kimoja kina mabaka. Vya 14 vimejaa mpaka nimevikata kwa mkasi. Baada ya ile Ijumaa nikachukua vingine 6 kutoka grini za bondeni, vyote vimeanza kuchipua.

Na ukingo wa nyuma ya 4 niliupima juzi theluji ilipoisha. Vidole viwili na nusu.

Mwenye uwanja nilimpeleka dirishani. Alikaa kimya kidogo, akauliza mbegu ni kiasi gani. Mzee, nimwambie nini, na nipande lini?

BabaNjeri (14 Machi, usiku)

Mwambie bentigrasi, za kutosha nusu ya grini ya 4 na yale mabaka ya 11, na turubai moja ya kupitisha hewa. Agiza sasa, Aprili kila mtu atakuwa anaitafuta. Usipande mpaka udongo wa asubuhi, kina cha sentimita 5, ufike nyuzi 10 siku kadhaa mfululizo. Nunua kipimajoto chako mwenyewe, usitegemee cha mtu. Toboa vishimo vidogo vidogo kwa karibu, sugua mbegu ziingie humo, funika, na weka kamba watu wasipite. Zile nyuzi tatu usizing'oe kwenye kikopo. Zirudishe palepale ulipozitoa.

Jumamosi niko upande wa kwenu, nitapita tuitazame hiyo ya 4 pamoja. Uwe na rangi nyeupe na mpira wa maji mrefu.